Ujamaa wa jamaa na ujamaa wa tano

Swali lilitoka safu ya nyuma, karibu na dirisha, kipindi kikikaribia kwisha. "Dokta, samahani. Ujamaa wa Mwalimu Nyerere ndio ule wa tano?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa miaka yote niliyofundisha fikra za kisiasa hapa Dodoma, sijaulizwa swali lililogusa kiini cha somo kwa maneno machache namna ile. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ndilo hili.

Aliyesoma shule zetu anajua "wa tano" maana yake nini. Ni orodha ya mifumo ya jamii tuliyoikariri: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Kila mfumo unauzaa mwingine, na mkunga ni mapambano ya matabaka. Orodha hiyo hatukuipokea kutoka kwa Karl Marx ikiwa imekamilika. Mwaka 1859 yeye alitaja mfumo wa Kiasia, wa kale, wa kikabaila na wa kibepari, akaendelea na hoja zake za uchumi. Aliyeifunga ikawa mitano kamili kama vidole vya mkono ni Stalin, mwaka 1938. Kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya kiada vya Kisovieti, ikasambaa duniani, ikafika hadi kwenye ubao wetu.

Sasa chukua andiko la Nyerere la Aprili 1962, lile alilolieleza kuwa ni msingi wa usoshalisti wa Kiafrika. Humo hakuna ngazi tano. Kuna familia. Anasema Afrika haihitaji kuongolewa ili iwe ya kijamaa, kwa sababu tayari ilikuwa hivyo kabla ya mkoloni: kila mtu alifanya kazi, na hakuna aliyelala njaa huku jirani ana akiba. Ushahidi wake ni methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usoshalisti wa Ulaya, anasema, ulizaliwa na mapinduzi ya kilimo na ya viwanda yaliyogawa watu; wa kwetu hauna haja ya kuanzia kwenye ugomvi.

Kwa hiyo hapana, siyo ule wa tano. Wa tano unafikiwa kwa kupigana na kusonga mbele. Wa Mwalimu unafikiwa kwa kurudi nyumbani na kuipanua nyumba mpaka iwe taifa. Haya ni mawazo mawili yaliyopewa jina moja, na sisi tukayafundisha kwa pamoja, pengine na mwalimu yule yule wiki ile ile, bila kumwambia mtoto kwamba yanabishana.

Katika andiko hilo la 1962 kuna hoja moja ambayo huwa naisoma darasani mara mbili. Nyerere anasema ana shaka kama neno lenye maana ya "tabaka" linapatikana katika lugha yoyote ya asili ya Afrika, kwa kuwa lugha hueleza mawazo ya wanaoizungumza, na wazo hilo halikuwepo. Naipenda hoja hii kwa ujasiri wake, na naamini kwamba si sahihi. Pwani watu walijua mwinyi ni nani, mngwana ni nani, mtwana na kijakazi ni nani. Huku Ugogo, ile njaa kuu ya Mtunya, iliyoanza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na kuendelea hadi karibu 1920, haikumpiga mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe kwa fimbo moja. Neno la jumla likikosekana haina maana kwamba kitu chenyewe hakipo.

Lakini Nyerere alijua jambo ambalo wengi wa wapinzani wake walilichukulia kirahisi, kwamba neno likichaguliwa, nusu ya hoja imeshaamuliwa. Tazama tulivyopata msamiati wetu. Tabaka tulilichukua kutoka kwenye udongo na chapati, kitu kilicholala juu ya kingine. Nalo lina asili ya Kiarabu. Beberu ni dume la mbuzi. Unyonyaji unatokana na kunyonya, ndiyo maana vikaja kupe na mirija. Bepari asili yake ni mfanyabiashara tu, neno lililokuja na Wahindi, na Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi akaiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, Azimio la Arusha likiwa na miaka miwili. Sijui chaguo la mtafsiri lililonifunza siasa zaidi ya hilo. Ila lilikuwa na gharama yake. Msikilizaji wa kijijini akisikia "bepari" alimwona mwenye duka. Bepari akiwa meneja wa shirika la umma, mwenye gari la serikali na kadi ya chama, neno halikumfikia. Mtaani watu walilipata la kwao: wabenzi, yaani wenye magari ya Benz.

Mapinduzi nalo lina tabu yake, nitaligusa kidogo tu. Kiswahili kinaita "mapinduzi" yale yaliyotokea Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, yale ya wanajeshi wanaoteka redio usiku, na yale ya viwanda vya Uingereza. Kupindua ni kupindua. Wanafunzi wangu wengi wanapoandika insha, wanayachanganya yote matatu katika aya moja, na siwezi kuwalaumu.

Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio walioushika ule ujamaa wa tano kwa mikono miwili. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha pale. Vijana wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, walianzisha jarida mwaka 1969 wakaliita Cheche, kwa kufuata gazeti la Lenin. Mwaka 1970 Issa Shivji akachapisha humo uchambuzi wake wa mapambano ya kimyakimya ya matabaka Tanzania. Hoja yake, nikiifupisha kwa ukali: kutaifisha benki na viwanda hakujamwondoa mnyonyaji, kumemfungulia mlango mwingine, urasimu wa dola, ambao nao unaota mizizi kama tabaka. Kabla mwaka haujaisha, Cheche ilipigwa marufuku, ikafuatiwa na jarida jingine lililoitwa MajiMaji. Miezi michache baadaye, mwaka 1971, TANU yenyewe, chama tawala, ikatoa Mwongozo uliomkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu, na wafanyakazi viwandani wakaukariri wakamsomea bosi ana kwa ana. Naamini Shivji aliona sawasawa. Hata hivyo, ukisoma maandishi ya wakati ule, mkulima yumo kama idadi na kama mshirika wa mfanyakazi. Nyumba yake huioni.

Msomi wa pili ninayetaka kumtaja alizaliwa hapa hapa, naye husahaulika kwa sababu hakuandika nadharia. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 Ihumwa, aliandika historia na mila za Wagogo, akaandika mashairi, na ndiye aliyeipa fasihi ya Kiswahili ngonjera kama tunavyoijua. Mwaka 1968 Nyerere aliwaita washairi akawaomba walipeleke Azimio kwa watu. Mnyampala akaitikia kwa ngonjera, akafariki mwaka uliofuata, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, vikatoka baada yake.

Nimesimama kwenye ngonjera nikiwa darasa la nne, mbele ya wageni kutoka wilayani, kaptula ikiwa imepigwa pasi ya mkaa. Upande wangu ulikuwa wa wajinga. Tulipewa beti za kulalamika kwamba kazi ya pamoja inachosha, na upande wa pili, wenye hekima, ukatujibu ubeti kwa ubeti. Mwisho tukageuka, tukashikana mikono nao, tukaimba kibwagizo kimoja. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ule mpangilio ni nadharia kamili ya mapinduzi. Katika ngonjera hakuna adui. Kuna asiyejua na anayejua, na asiyejua akielimishwa, ugomvi unakwisha. Ni ule ule ujamaa wa jamaa: ndugu hagombani na ndugu, ila haelewi tu. Shivji asingeweza kuandikiwa ngonjera, kwa sababu upande mmoja ungegoma kushikana mikono. Wala mkulima mwenye sababu nzuri ya kukataa hakuwa na ubeti wake, maana kila aliyekataa alipewa mstari wa mjinga.

Sababu nzuri zilikuwepo. Nilikwenda kuzisikia na wanafunzi wangu kiangazi kilichopita, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, na yule aliyeuliza swali alikuwa miongoni mwao. Chamwino ni mahali ambapo Nyerere mwenyewe alikuja mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Tulimkuta mzee kakaa kivulini. Tukamwamkia "mbukwa", akatuitikia, akaletewa kigoda kingine akakataa kukihamia. Kwa saa nzima hakutamka neno ujamaa hata mara moja. Alisema "operesheni". Kabla ya operesheni, mwaka wa operesheni, mtoto aliyezaliwa wakati wa operesheni.

Mwanafunzi mmoja akamuuliza kama zamani Wagogo hawakuwa wakilima pamoja.

"Tulilima, mwanangu. Mama akipika pombe ya mtama, watu wanakuja na majembe, shamba linakwisha, tunakunywa. Lakini lile shamba lina mwenyewe. Keshokutwa tunakwenda kwa mwingine. La kijiji lilikuwa la nani?"

"La wote, mzee."

"Huyo Wote sikujua nyumbani kwake."

Kisha akatueleza ng'ombe. Hapa niliacha kuandika, nikasikiliza tu. Baba yake hakuweka mifugo yote zizini kwake. Mmoja alikuwa kwa shemeji, wawili kwa rafiki upande wa pili wa mlima, wengine mbali zaidi. Ugonjwa ukiingia zizi moja hauwamalizi. Mvua ya Ugogo nayo hainyeshi kila mahali: wingu linamwagika kwa jirani, kwako vumbi. Mwenye jamaa waliotawanyika ana mahali pa kwenda kuomba mtama mwaka mbaya. Jamaa wa karibu sana si msaada sana, alisema, maana njaa yenu ni moja.

Nilirudi mjini na sentensi hiyo kichwani. Nyerere alisema kweli kwamba jamaa ndiyo iliyokuwa bima ya watu hawa. Ila jamaa ya Ugogo ilifanya kazi kwa umbali. Ilitandazwa kama wavu juu ya nchi kame. Kijiji cha ujamaa kililichukua jina la wavu ule, kikawapanga watu kwenye mistari kando ya barabara, wapate shule, zahanati na kisima, mambo ambayo mzee mwenyewe aliyasifu. Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Ng'ombe wakawa sehemu moja, mashamba yakawa bega kwa bega, na wingu likipita pembeni limewapita wote.

Wasomi wa baadaye wamelisoma jambo hili kwa namna zao. Goran Hyden, mwaka 1980, alisema mkulima wa Tanzania alikuwa bado hajatekwa na dola wala soko. Ana uchumi wake wa kujuana. Kwa msamiati wa mzee wangu, alikaribia. Lakini anayenisaidia zaidi ni Marx, yule wa uzeeni. Februari 1881 mwanamapinduzi wa Urusi, Vera Zasulich, alimwandikia akimuuliza: je, jumuiya za wakulima wa Kirusi zinazomiliki ardhi kwa pamoja lazima zife kwanza, ubepari upite, ndipo usoshalisti uje? Marx aliandika rasimu baada ya rasimu, ndefu, zenye kufutwa na kurudiwa. Tarehe 8 Machi akatuma barua fupi tu: uchambuzi wake wa kuzaliwa kwa ubepari unahusu Ulaya Magharibi, na jumuiya hiyo inaweza kuwa egemeo la kuifufua jamii ya Urusi, ikiwa kwanza itaondolewa yanayoidhuru kutoka kila upande na kuachwa ikue yenyewe. Rasimu zile hazikuchapishwa hadi 1924.

Ona Marx alivyouliza. Hakusema ujima lazima uzae utumwa. Wala hakusema wakulima tayari ni wasoshalisti, waambiwe tu. Alitaka kujua jumuiya ile inafanyaje kazi, nani anaibana, na ingeishi kwa masharti gani. Laiti mtu angelikuja Ugogo mwaka 1969 na maswali hayo matatu kabla ya malori ya operesheni. Nyerere alikuwa na nusu yake: mwaka 1967, alipoandika kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba jamaa ya zamani ilimwonea mwanamke na kwamba ilikuwa maskini. Shivji alikuwa na nusu nyingine, nani anabana. Hawa wawili walikuwa wanahitajiana, na neno lao moja likawafanya waonekane wanazungumzia kitu kimoja huku kila mmoja akijibu swali lake.

Tulipoaga, mzee alitupitisha jikoni kwake kutuonyesha kitu. Paa la bati, lakini boriti tatu chini yake zilikuwa za mti mgumu, nyeusi kwa moshi, zimechongwa kwa shoka. Alizitoa kwenye tembe la wazazi wake lilipobomolewa, akazileta yeye na kaka yake kwa punda, safari mbili. Yule mwanafunzi wa swali akazigusa, akauliza zilikuwa za chumba gani. Za chumba cha mama, akajibu, kile ambacho mlango wake ulitazama zizini.