Tabasamu Halionekani Kwenye Simu

Juzi tena, kikaoni: "Nyinyi akina dada mmeumbiwa kazi ya uhusiano wa umma. Uso wa bashasha, ulimi wa asali." Msemaji alidhani ananisifu. Nikacheka, maana bajeti yangu ilikuwa mbele yake ikisubiri saini.

Basi sikilizeni. Mteja wetu aliuza birika za umeme zinazopiga shoti. Saa nane usiku niko kwenye simu na mwanasheria wake, tunagombania neno moja. Yeye anataka taarifa ianze: "Kumetokea hitilafu." Kumetokea! Hiyo "ku" haina mwenyewe. Hitilafu imejinyeshea tu kama mvua. Mimi nataka: "Tumeuza birika zenye kasoro. Acheni kuzitumia leo." Anaogopa kesi, na hofu yake si ya kijinga, maana kukiri huweza kusomwa mahakamani. Lakini mwandishi wa habari akiona "kumetokea" huuliza papo hapo nani anafichwa, na kesho yake habari si birika tena, ni uongo. Dakika arobaini za ubishi zikatupa "Tumebaini kuwa birika tulizouza...", nusu yake, nusu yangu. Namba za toleo, mahali pa kurudishia, msemaji mmoja: hayo ya kawaida siyaelezi.

Asubuhi mkurugenzi akanishukuru: "Tabasamu lako limewalainisha waandishi." Waandishi wote nilizungumza nao kwa simu, macho mekundu, taulo kichwani.

Sifa yenyewe haina ubaya. Hesabu iliyofichwa ndani yake ndiyo inayoniudhi. Ujuzi hulipwa, maumbile hayalipwi. Ukisema nimezaliwa nayo, umefuta miaka niliyotumia kujua mhariri yupi anafunga ukurasa saa ngapi. Mkakati anapewa mwenye tai, mimi naachiwa orodha ya wageni. Na si jambo la leo. Doris Fleischman, aliyeolewa mwaka 1922 na Edward Bernays, mmoja wa waasisi wa uhusiano wa umma Marekani, na kuwa mshirika wake wa kazi, alibuni na kuandika mengi ya ofisi yao New York, lakini kuonana na wateja alimwachia mumewe: wazo likijulikana ni la mwanamke, lingepimwa kwa jinsia yake kwanza. Bernays ndiye tuliyefundishwa darasani.

Sasa nikiri. Tabasamu nalitumia. Yupo mhariri anayepokea simu yangu upesi kuliko ya mwenzangu wa kiume. Napenda kuamini ni kwa sababu simpotezei muda, ila siwezi kuapa. Halafu kuna hili lililoninyima usingizi wiki hii. Nilikuwa nakagua ratiba ya vijana wapya watano ofisini kwetu. Wasichana watatu wote wako kwenye hafla na mapokezi. Wavulana wawili, mmoja takwimu, mwingine kikosi cha dharura. Mwandiko ni wangu.