Je, wajua kwa nini marufuku ya sigara huziumiza kasino kuliko migahawa?

Kila sheria ya kuzuia sigara ndani ya majengo inapopendekezwa, wenye migahawa na baa hulalamika kwamba wateja watawakimbia, ingawa tafiti nyingi zilizofanywa baadaye hazikuona mauzo yakianguka. Kwa kasino hali ni nyingine, na mfano ulio wazi zaidi unatoka katika jimbo la Illinois nchini Marekani, ambako sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2008 iliwazuia wavutaji kuwasha sigara hata kwenye kumbi za kamari. Mwaka 2007 kasino za jimbo hilo zilikuwa zimebakiwa na karibu dola bilioni 2 baada ya kuwalipa washindi. Mwaka uliofuata zilipata takriban dola bilioni 1.6.

Ni kweli kwamba mwaka huohuo uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora, na anayetaka kuitetea sheria hiyo angeweza kuulaumu mdororo. Ndiyo maana wachumi Thomas Garrett na Michael Pakko wa Benki ya Akiba ya St. Louis, moja ya benki za kanda za benki kuu ya Marekani, walizilinganisha kasino za Illinois na zile za majimbo jirani ya Indiana, Iowa na Missouri, ambako uchumi ulikuwa mbaya vilevile lakini sigara iliruhusiwa. Walikadiria kwamba marufuku ilipunguza mapato kwa zaidi ya asilimia 20, huku idadi ya wageni ikipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Utafiti mwingine wa mwaka 2018 haukuona athari yoyote ya maana kwa idadi ya wageni.

Tofauti kati ya ile asilimia 20 ya mapato na ile asilimia 10 ya wageni ndiyo inayofumbua fumbo. Mgahawa huuza sahani ya chakula, na mteja anayetoka nje kuvuta hurudi akaimaliza na kuilipia. Mashine ya sloti huuza muda: mchezaji hubonyeza kitufe, picha huzunguka kwa sekunde chache, kisha hubonyeza tena, na kwa wastani wa mizunguko mingi kasino hubaki na asilimia yake ya fedha zilizochezwa. Anayeinuka kwenda kusimama kwenye baridi ya Januari kwa dakika kumi amesimamisha biashara yote hiyo, na huko nje hupata nafasi ya kuangalia pochi yake imebaki na nini. Wengine hawarudi ndani. Ikumbukwe pia kwamba uvutaji sigara umeenea zaidi miongoni mwa watu walionaswa na kamari, ambao ndio wateja wanaoacha fedha nyingi.

Katika jimbo la Victoria, Australia, ambako sigara ilizuiwa kwenye kumbi za mashine za kamari mnamo Septemba 2002, watafiti walikadiria kwamba fedha zilizopotezwa na wachezaji kila mwezi zilishuka kwa takriban asilimia 14. Kwa maoni yangu si haki kuiita hasara ya uchumi mzima, kwa kuwa fedha ambayo haikumezwa na mashine hubaki kwa mwenyewe, naye huweza kuitumia dukani au kulipia kodi ya nyumba.

Serikali ndiyo iliyobanwa zaidi. Illinois ilitoza kasino kodi ya ngazi, iliyopanda hadi asilimia 50 kadiri mapato yalivyoongezeka, kwa hiyo dola za kwanza kupotea zilikuwa zile zilizotozwa kodi kubwa kuliko zote. Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyolifanya baraza la jiji la Atlantic City, huko New Jersey, kuirudisha sigara kwenye kasino takriban mwezi mmoja baada ya kuizuia kabisa Oktoba 2008. Mwaka 2024 wafanyakazi wa kasino hizo walikwenda mahakamani kupitia chama chao, wakidai kwamba moshi huo unawaumiza wao.