Projekti ya kumbukumbu ya ugunduzi sio bango la historia tu

Wanafunzi wengi wanadhani ukichagua kuadhimisha miaka kadhaa tangu ugunduzi fulani kwa ajili ya maonyesho ya sayansi basi unabandika picha ya mwanasayansi, tarehe zake, umemaliza. Hapana jamani, hiyo ni historia, na ni nzuri, lakini sayansi hapo haijaanza.

Chukua 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona mshale wa dira unacheza karibu na waya unaopitisha umeme, watu husema ilikuwa bahati tu wakati jamaa alikuwa anaamini kwa miaka kwamba umeme na sumaku vina uhusiano. Sasa wewe rudia hilo jaribio ila na swali lako mwenyewe: ukisogeza waya mbali kidogo kidogo mshale unageuka digrii ngapi? Ukigeuza betri je? Waya ukiwa juu ya dira halafu chini yake? Pima, rudia, chora grafu. Unganisha waya na betri kwa sekunde chache tu maana waya unapata moto na betri inaisha haraka. Na majibu yakitofautiana na ya kitabu usiyafiche, tafuta sababu, labda kulikuwa na chuma karibu na dira.