Mashine ya uongo haisomi uongo

Huku Mwanza, kuanzia vijiwe vya Kirumba mpaka mwaloni, watu wameshikilia kwamba ile mashine ya kupima uongo haikosei, ikisema umedanganya basi umedanganya. Sasa kuna kijana wa kwetu yuko Marekani, kaomba kazi ya polisi kaambiwa kafeli kipimo, na mtaani washamuita muongo. Sio hivyo jamani.

Mashine inapima presha, mapigo ya moyo, pumzi na jasho la vidole, basi. Mtu muoga au mwenye hasira anaweza kutoa mchoro uleule wa muongo, na muongo mtulivu akapita, Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alikua anauza siri kwa Wasovieti na akapita mwaka 1986 na tena 1991. Mwaka 2003 Akademia ya Sayansi ya Marekani ilisema usahihi wake hautoshi kuutegemea kuchuja wafanyakazi kwa ajili ya usalama. Sheria ya Marekani ya 1988 imekataza waajiri binafsi wengi kuitumia, ila serikali imejiachia yenyewe, ndo maana polisi bado wanayo, na mi naona ni uonevu.

Kwahiyo kijana apinge. Aandike barua mapema, aombe kupimwa upya na mpimaji mwingine, aeleze kama alikua anaumwa au anatumia dawa, na aulize utaratibu wa rufaa maana kila idara ina wake. Ila kama kuna kitu alikiri kwa mdomo wake pale kwenye kiti, hicho ni kesi nyingine, kukipangua ni kazi ngumu zaidi.