Skleroderma: nunua mashine ya presha kwanza

"Daktari, ni hii baridi tu." Hivyo ndivyo wagonjwa wangu wengi wa skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi, huanza maelezo yao, na siwalaumu. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na mama anayeosha sukuma wiki sokoni alfajiri amezoea kufa ganzi mikono.

Vitabu husema kwenye baridi kidole hugeuka cheupe, kisha bluu, kisha chekundu, kwa sababu mishipa midogo ya damu imejibana ghafla. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud alilieleza jambo hili mwaka 1862. Kwenye ngozi yetu nyeusi rangi hizo hazijitokezi wazi. Ninachokiona mimi ni ncha ya kidole iliyopauka kama imepakwa majivu, na mpaka dhahiri mahali damu ilipokomea. Kwa hiyo huuliza kuhusu huo mpaka. Wengi wenye vidole vya namna hii hawana ugonjwa mwingine wowote. Nashtuka pale hali inapoanza ukubwani, vidole vikavimba na pete ikakataa kutoka.

Hapo huomba mkono. Najaribu kufinya ngozi ya nyuma ya kidole niinyanyue. Kwa mwenye skleroderma hainyanyuki, imeshikamana na kilicho chini yake. Kisha namwomba aunganishe viganja anavyofanya akisali, na mara nyingi haviwezi kukutana.

Chanzo ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Seli za tishu unganishi huchochewa kutengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, kupita kiasi, ngozi ikakakamaa, na mapafu, umio, moyo na figo pia vikaweza kuguswa. Ugonjwa huu hauambukizwi, na hakuna aliyerogwa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ngozi hupata mabaka meupe, weusi ukibaki kuzunguka vinyweleo tu, na majirani huanza kunong'ona kuhusu ukoma.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza zaidi. Mgonjwa ana maumivu ya viungo, anaenda duka la dawa, anauziwa prednisoloni, dawa ya steroidi, bila cheti. Siku chache anajisikia vizuri, basi anaendelea kununua. Katika skleroderma, dozi inayozidi miligramu 15 kwa siku huongeza hatari ya figo kushambuliwa ghafla: mishipa ya figo hufinywa, presha hupanda kwa kasi, kichwa huuma, macho huona ukungu, mkojo hupungua. Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye ngozi yake imekaza hadi juu ya viwiko au kifuani, hasa miaka ya mwanzo ya ugonjwa.

Zamani hali hiyo ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Dawa za presha za kundi la kaptoprili zilipoanza kutumika, miaka ya 1980, watu wakaanza kupona. Si dawa ngeni wala ghali. Lakini hazimezwi mapema kama kinga. Hutolewa shambulio linapoanza, na kila saa inayopotea inaila figo.

Ndiyo maana kabla ya krimu yoyote ya ngozi nakuomba ununue mashine ya presha ya kufunga mkononi, juu ya kiwiko. Katika miaka hiyo ya mwanzo pima angalau mara mbili kwa wiki, uandike. Namba ya juu ikipanda kwa 30 kuliko kawaida yako, au ya chini kwa 20, pima tena baada ya kupumzika kidogo. Ikibaki hapo, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama hujisikii vibaya.

Na kwenye jalada la daftari lako la kliniki andika kwa herufi kubwa: SKLERODERMA. Daktari wa zamu ya usiku anaweza kudhani ni presha ya kawaida akakupa dawa nyingine. Mwonyeshe daftari, mwambie presha yako ya kila siku ni ngapi, na umwombe akupime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, usiku huohuo.