Daftari la wauza chakula waliokosea Australia: yanayosemwa na ukweli wake

Tangu mwaka 2008, jimbo la New South Wales, ambalo makao yake makuu ni Sydney, hutangaza majina ya wauza chakula walioadhibiwa kwa kuvunja sheria ya usalama wa chakula. Jimbo jirani la Victoria nalo lina daftari lake. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote, kwa sababu faini inayolipwa kimyakimya haimfikii mlaji. Lakini majina hayo yanasomwa vibaya mno.

"Kila aliyemo alitiwa hatiani mahakamani."

Sivyo, na hapa ndipo wengi wanapowaonea watu. New South Wales ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya walioandikiwa faini na mkaguzi bila kufikishwa kwa hakimu. Mwenye duka anaweza kulipa yakaisha, au akaamua kesi yake isikilizwe mahakamani. Ya pili ni ya walioshtakiwa wakapatikana na hatia. Uzito wake ni tofauti, na muda pia: faini hubaki kwenye orodha kwa miezi 12, hukumu kwa miaka 2. Daftari la Victoria, kwa upande wake, ni la hukumu za mahakama. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu mhalifu, angalia kwanza jina lake umelikuta kwenye orodha ipi.

"Akitajwa, basi kuna wateja waliougua."

Hapana. Sheria haingoji mtu aharishe. Kanuni za Australia zinataka chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe kwenye nyuzi joto 5 au chini ya hapo, au kwenye 60 na kuendelea. Katikati ya viwango hivyo bakteria huzaana kwa kasi. Chukua wali uliopikwa asubuhi ukaachwa mezani hadi jioni: kuna bakteria wanaoweza kuacha humo sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa moto upya. Mpishi aliyeuacha hivyo amekosa, hata kama siku hiyo kila mteja alirudi kwake mzima. Vivyo hivyo kinyesi cha panya stoo, au beseni la kunawia mikono lisilo na sabuni. Wapo wanaoyaita haya makosa madogo ya usafi. Mimi siyaoni madogo, maana mlaji hana njia ya kuingia jikoni akajionea.

"Asiyetajwa ni msafi."

Hajaadhibiwa, basi. Mkaguzi hakai jikoni kila siku.

"Jina likishaingia, usile tena hapo."

Migahawa huuzwa na kununuliwa, na mara nyingi mnunuzi hubakisha kibao kilekile mlangoni. Anayeendesha jiko leo huenda hahusiki kabisa na uchafu wa mwaka jana. Ndiyo maana orodha haitaji jina la biashara peke yake: inaonyesha anwani, kosa lenyewe, tarehe, na mtu au kampuni iliyoadhibiwa. Ukitaka kuusambaza ukurasa huo kwenye kundi la WhatsApp, linganisha kwanza jina la aliyeadhibiwa na la anayemiliki mgahawa sasa, kisha tuma pamoja na tarehe ya kosa.