Mkuu wa nchi asiye na madaraka naye hushtakiwa

Kwenye Wiki ya Sheria hapa Mbeya, swali lililojirudia bandani kwetu ni hili: mfalme au rais ambaye kazi yake ni kukagua gwaride na kutia saini, anaweza kushtakiwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague, Uholanzi? Wengi walikuja na jibu lao tayari: hawezi, "yule ni picha ya ukutani tu." Sivyo.

Ibara ya 27 ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha mahakama hiyo na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, inasema cheo, hata cha ukuu wa nchi, hakimwondolei mtu dhima ya jinai wala hakimpunguzii adhabu. Lakini cheo peke yake hakimtii mtu hatiani. Majaji hupima alichofanya, na ni nani hasa waliokuwa wakitii amri zake.

Mifano inatoka mahakama nyingine zilizokumbana na swali hilohilo. Milan Milutinović alikuwa Rais wa Serbia wakati wa vita vya Kosovo. Februari 2009 aliachiwa huru na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa Yugoslavia ya zamani, majaji wakiona jeshi halikuwa mikononi mwake. Nikola Šainović, naibu waziri mkuu wa Yugoslavia aliyeshtakiwa naye, alipata miaka 22, ikapunguzwa kuwa 18 kwenye rufaa. Khieu Samphan, mkuu wa nchi wa Kambodia chini ya chama cha Khmer Rouge, pia alidai mbele ya mahakama maalumu ya huko kwamba ukuu wake wa nchi ulikuwa wa jina tu. Vikao alivyohudhuria na hotuba zake za kuunga mkono sera za chama vilimkana; kifungo cha maisha kikathibitishwa mwaka 2022.

Sasa utaratibu wa ICC. Shauri hupelekwa na nchi mwanachama au Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ama mwendesha mashtaka huanza mwenyewe kwa idhini ya majaji. Raia anaweza kumpelekea taarifa, hafungui kesi. Tunarudia, hafungui kesi, na bandani hatuna fomu hiyo. Na mgogoro wa shamba la viazi Uporoto si wa The Hague, uanzie baraza la kata, kwa usuluhishi. Hati ya kukamata hutolewa na majaji, lakini mahakama haina polisi wake, hutegemea nchi wanachama. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 30, au cha maisha kwa uzito wa kupindukia, pamoja na faini na kutaifishwa mali iliyotokana na uhalifu. Kunyongwa hakumo, hata mkiuliza mara ngapi.

Mbele ya mahakama za ndani za nchi nyingine, mkuu wa nchi aliye madarakani bado ana kinga. Mwaka 2002, katika shauri la Kongo na Ubelgiji, hilo lilielezwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo nayo iko The Hague lakini haimshtaki mtu yeyote.